Mara Mbili, Bila Sauti

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya jiko. Mume wangu, Baba Kidoti, amepanda kiti, ametazama juu kwa muda mrefu kama daktari, akasema ataliona Jumamosi. Yeye ni fundi wa friji. Friji za mtaa mzima zinagandisha, ya kwetu inatoka jasho.

Leo fundi cherehani anayenipunguzia sketi ameniuliza nafanya kazi gani. Nimemwambia nakagua chaneli za familia: baba, mama na watoto wanaojirekodi nyumbani wakicheza, wakila na kutaniana, halafu wanaweka mtandaoni. Sisi ofisini tunaangalia na kuamua kama zinawafaa watoto wa chini ya miaka sita. Inayofaa inapewa alama ya kijani na kuingia kwenye ukurasa wa watoto. Isiyofaa inabaki nje.

"Kwa hiyo unalipwa kutazama televisheni," akasema, pini mdomoni.

Nilicheka. Sikumwambia kwamba tunatazama kwa kasi mara mbili, na sauti tumezima.

Hilo nilifundishwa na Mwalimu, jirani yangu wa meza, wiki yangu ya kwanza. Tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha chekechea miaka mingi kabla ya kuchoshwa na makamasi. "Ukisikiliza hizo nyimbo zao kutwa nzima utaziota," aliniambia. "Weka mara mbili, zima sauti, angalia tu. Kisu utakiona. Moto utauona. Unataka kusikia nini?" Kweli, maswali yetu yote ni ya macho: silaha, damu, moto, matangazo ya kujificha, na mwisho kabisa, kama watoto wanaonekana wana furaha. Ofisi nzima tunafanya hivyo na hatujawahi kulalamikiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Macho yananiwasha. Nimeona familia nyingi kuliko mkunga.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nimefungua foleni yangu, na wa kwanza kutokea ni shemeji, amevaa aproni ya dada, anakata kiuno. Chaneli ya dada. Nilijua wameomba alama, sikujua itaniangukia mimi.

Kanuni iko wazi: chaneli ya ndugu unaisogeza kwa mwenzako. Mwenzangu ni Mwalimu, na Mwalimu akiamka vibaya hata katuni ya sungura haipiti. Tangu shemeji apunguzwe kiwandani, hiyo chaneli ndiyo inayowalisha. Nilijiambia naangalia kwa udadisi tu. Baadaye nikajiambia kwamba nikishaangalia, kuisogeza ni kumsumbua mtu bure.

Mtoto wao ni mmoja, Kijiko, ana miaka mitano. Jina hilo alilipata alipoanza kula, maana alikuwa analala na kijiko chake mkononi, na ukimnyang'anya nyumba haikaliki. Ndiye nyota. Kwenye video ya kwanza anampaka baba yake unga usoni. Ya pili anamwogesha mdoli. Ya tatu wazazi wanajificha nyuma ya pazia, yeye anazunguka sebuleni kuwatafuta, mdomo wazi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kisha wanatokea, wanamkumbatia, wote watatu wako sakafuni hawana mbavu. Nilitabasamu peke yangu pale mezani. Nikaweka tiki kote, nikaweka kijani.

Mchana nimempigia dada. Nikamwambia imepita.

"Umeziangalia zote?"

"Zote."

"Na ile ya pazia?"

"Nzuri sana ile."

"Haya," akasema. "Maana hiyo nilikuwa na wasiwasi nayo. Nikasema mdogo wangu akiipitisha, basi."

Nimemwambia aache wasiwasi wa kizee.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Baba Kidoti hajaliona paa.

Jumatano, 20 Machi

Chaneli ya dada imechangamka. Watu wameipenda ile ya pazia kuliko zote, na wanaomba nyingine. Shemeji amenunua taa ya kurekodia, anaitembeza nyumba nzima kama mtoto mchanga. Dada ameniletea seti ya vikombe vyenye maua. Nimesema "kwa nini umejisumbua," nimevipokea kwa mikono miwili, na leo jioni tumenywea chai.

Kidoti, binti yangu, amefungiwa ndani na mvua. Ana miaka minne na nusu na doa la kuzaliwa shavuni, ndilo lililompa jina. Anashinda akimtazama binamu yake kwenye simu yangu. Simu nampa kwa roho nyeupe. Chaneli ina kijani, tena kijani changu mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka soksi.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimetoka kazini mapema kwa sababu umeme ulikatika. Nilikuwa nakunja zile nguo zisizotaka kukauka, Kidoti amelala kifudifudi sakafuni na simu.

"Mama, kwa nini Kijiko analia sana?"

"Halii, anacheka."

"Analia."

"Anacheka, mama. Wanacheza kujificha."

Hakubisha tena. Alinitazama vile anavyonitazama nikimwambia dawa ni tamu, akarudi kwenye simu. Mimi nikaendelea kukunja shati moja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Kisha nikaenda kuchuchumaa pembeni yake.

Ilikuwa ile ya pazia. Sikuwahi kuitazama kwa kasi yake, wala sikuwahi kuisikia.

Kijiko anaingia sebuleni na mdoli, anaita mama. Anaita baba. Anakwenda mlangoni, mlango umefungwa kwa nje au kwa ufunguo, sijui, haufunguki. Ofisini kipande hicho kilikuwa kufumba na kufumbua. Leo kilikuwa kirefu sana. Anarudi katikati ya chumba na kusimama. Anasema, "Mama, nitakuwa mtoto mzuri." Halafu anasema, "Nitamaliza chakula chote, mama." Ndipo anaanza kulia, na picha inatikisika, kwa sababu shemeji nyuma ya pazia anajizuia kucheka. Wanapotokea Kijiko anawatazama mmoja baada ya mwingine, wanacheka, naye anacheka, machozi yanatiririka, kwa sababu kila mtu anacheka.

Mtoto anayelia na mtoto anayecheka, ukiwatazama kwa kasi mara mbili bila sauti, ni kitu kimoja. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, mabega yanaruka. Nilijibu kwamba ana furaha. Niliweka tiki kwa mkono wangu.

Nimefungua video za baada ya hapo. Kijiko dukani kati ya rafu, wazazi wamejificha. Kijiko ndani ya gari, wazazi wameshuka na kuinama wasionekane. Kijiko ameamka asubuhi, nyumba kimya. Zote zimewekwa baada ya kijani. Kabla ya kijani ilikuwa moja tu, na mwenye nayo alikuwa na wasiwasi, akaniuliza.

Kidoti alikuwa ananisubiri nimalize. "Nilikwambia," akasema.

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kazini niseme. Bosi amepita mezani kwangu, ameniuliza habari za nyumbani. Nimesema nzuri.

Alhamisi, 28 Machi

Sijasema.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua usiku kucha na ndoo ya jikoni imefurika. Sijasema.

Nimejitafutia visingizio vyote. Kwamba watoto wanasahau. Kwamba nikiondoa kijani, dada na shemeji watakula nini, kama vile mimi ndiye niliyeamua walishwe na machozi ya mtoto. Nikifika hapo nakumbuka kwamba ndiyo, ni mimi. Na chini ya visingizio hivyo kuna kingine nisichopenda kukiandika: nikisema, watauliza kwa nini nilikagua chaneli ya dada yangu, na unga wangu utamwagika.

Leo ofisini nimevaa spika za masikioni na kuweka kasi ya kawaida. Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Kufikia saa sita nilikuwa nimemaliza chaneli tatu. Watoto wa watu wanacheka kweli, wengi wao, na niliwasikiliza kwa uchungu kana kwamba wananisuta.

Vikombe vya dada nimevirudisha kwenye boksi. Baba Kidoti ameuliza kulikoni, nikasema vinapata kutu. Vikombe vya udongo.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwa dada nimejikaza kweli. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nimefika, shemeji anasogeza taa, Kijiko amekaa kwenye kochi amevaa gauni la njano, miguu inaning'inia, anasubiri kuambiwa.

"Mama mdogo," akaniambia, "leo sijui wanajificha wapi."

Aliyasema hayo bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilimfuata dada jikoni.

"Ile michezo ya kujificha," nikasema. "Labda mngeipumzisha kidogo."

"Imekuwaje? Si uliipitisha?"

"Niliipitisha."

"Sasa?"

Alinitazama kabisa, mwiko mkononi. Hapo ndipo pa kusema. Nikasema watoto wanachoka, wanakua, watazamaji nao wanachoka. Dada akacheka, akasema nimeanza kuongea kama bosi wangu. Nilikaa nikala chakula chao, nikaondoka. Nimejidharau njia nzima ya kurudi, na bado najidharau ninapoandika.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Kidoti hataki tena kutazama chaneli ya Kijiko. Sikumkataza mimi, amejikataza mwenyewe.

Jumamosi, 13 Aprili

Dada na shemeji wamesafiri asubuhi kwenda mji wa jirani kuonana na watu wa sabuni wanaotaka kutangazwa kwenye chaneli. Wameniachia Kijiko, warudi alasiri. Watoto wamecheza vizuri. Wamemfanya Baba Kidoti mgonjwa, wakamfunga bandeji za karatasi ya chooni, naye akatulia kwa utii ambao paa halijawahi kuuona.

Saa kumi dada akapiga simu. Mto umefunika daraja, magari yamezuiwa, watalala hukohuko. Nikamwita Kijiko, nikamweleza polepole: mvua imeziba njia, mama na baba hawawezi kupita leo, watakuja kesho.

Alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyeushtukia mchezo. Akaenda kuangalia nyuma ya pazia. Akaangalia nyuma ya mlango, chini ya meza, chini ya kitanda chetu. Kidoti alidhani ni mchezo mpya, akamfuata, akimfungulia makabati. Kijiko alifungua hata friji, akasimama pale mbele ya maji na nyanya, akaifunga taratibu.

Akarudi katikati ya sebule na kuangalia kuta, juu, pembeni, pale ambapo mtu angeweza kuegesha simu. Kisha akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kwa muda. Halafu akanyamaza, akajifuta kwa mkono, akasema kwa upole, kuelekea kwenye pazia:

"Mama, tokea basi. Nimeshalia."

Baba Kidoti, na bandeji zake kichwani, alinyanyuka akaenda jikoni. Nilimsikia anafungua bomba bila sababu. Mimi nilipiga magoti nikamshika Kijiko nikamwambia si mchezo. Alinisikiliza kwa adabu, hakuamini. Nikampigia dada, nikaweka sauti kubwa.

"Mama, uko kabatini?"

"Niko mbali, mwanangu. Mvua imekata barabara."

"Kabati la chumba gani?"

Upande wa pili nilisikia watu wengi, honi, mvua. Dada akasema jina la mtoto wake, lile la kweli, si Kijiko, akalisema tena, na simu ikakatika.

Amelala kwenye kochi na viatu miguuni, uso kuelekea pazia. Amekataa kuvivua. Nimekaa naye. Nimejua hili kwa wiki mbili na zaidi, na kila siku niliyonyamaza mtoto huyu alikuwa anafundishwa zaidi.

Jumapili, 14 Aprili

Dada amefika saa tano, matope hadi magotini. Kijiko alimkimbilia, kisha akageuka kutafuta simu iko wapi.

Nilimwambia dada tutoke barazani. Nilimwambia yote. Kwamba nilitakiwa kuisogeza kwa mwingine. Kwamba nimejua tangu mwezi uliopita.

"Nilikuuliza," akasema dada. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Nilikuwa na wasiwasi, nikakuuliza wewe, kwa sababu kazi yako ndiyo hiyo. Ukaniambia wasiwasi wa kizee."

"Nilisema hivyo."

"Uliiangalia kweli?"

"Niliiangalia."

"Ulimsikia anasema nini?"

"Sauti nilikuwa nimezima, dada. Wote tunazima."

Alinitazama hadi nikaangalia matope ya miguu yake.

"Mimi nilisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kila neno. Nilitaka kutoka, baba yake akanishika mkono, akasema bado. Usiku sikulala. Halafu ukapiga simu ukasema nzuri sana. Nikajiambia kumbe ni mimi tu, wanaojua wamesema haina neno." Akajifunga kitambaa kichwani upya, akakikaza. "Tumeirudia hiyo 'nzuri sana' yako mara ngapi, mdogo wangu?"

Nimemwambia kesho naondoa kijani. Akasema, "Ondoa." Akambeba Kijiko mgongoni, mkubwa vile, wakaondoka mvuani. Aligeuka getini akasema nisiende kwake mpaka aniite.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimesema.

Bosi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kuhusu udugu, nikajibu. Akauliza ilikuwaje mtu akaona mtoto analia akaandika ana furaha. Nikamwambia kuhusu kasi na sauti, kwamba mimi ndivyo ninavyofanya. Sikumtaja mtu. Akatoka nje, akasimama katikati ya ofisi, akauliza nani mwingine. Mwalimu alikuwa anatafuta kitu kwenye droo, akakitafuta muda mrefu. Kisha akafunga droo na kunyanyua mkono. Wakafuata wengine.

Kijani cha dada kimeondolewa saa nne. Sikumwaga unga, bado. Nimesimamishwa wiki mbili bila malipo, na nikirudi nitatazama upya kila chaneli niliyowahi kuipitisha, kwa kasi yake, na sauti yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Dada hajapiga.

Jumamosi, 27 Aprili

Hajapiga. Mvua.

Alhamisi, 2 Mei

Nimerudi kazini. Leo nimetazama upya chaneli mbili tu. Ya pili nimeiondoa. Mtoto mdogo wa kiume anaonyeshwa keki, inanyakuliwa, anaonyeshwa, inanyakuliwa. Nilikuwa nimeandika "mchangamfu."

Jumanne, 7 Mei

Mwalimu ameniuliza kwa sauti ya chini kama nasikia vizuri kwenye spika zangu, zake zinakwaruza. Nimempa zangu.

Jumatano, 15 Mei

Ujumbe kutoka kwa dada: "Shemeji yako amepata kazi ghalani. Video zile tumefuta zote. Jumapili uko?" Nimeusoma hadi simu ikazima mwanga. Nimejibu: "Niko."

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekata, na kwa kuwa imekata Baba Kidoti yuko juu ya paa anapigilia misumari, anapiga na miluzi.

Dada amekuja na Kijiko. Hakukaa. Alinywa maji kwa kusimama, lakini aliona vikombe vyake vimerudi kabatini, akavigusa. Kisha akachuchumaa mbele ya Kijiko, akamshika mabega. "Naenda sokoni kununua viatu vya baba. Natoka kwa mlango huu. Nitarudi kwa mlango huuhuu, kabla hamjala." Ameanza kufanya hivyo kila anapotoka, hata akienda kuoga. Kijiko akaitikia kwa kichwa. Mlango ulipofungwa alisubiri kidogo, akaenda kuangalia nyuma ya pazia mara moja tu, akarudi kwa Kidoti.

Baadaye alinikuta jikoni namenya viazi. Akakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, ile ya maji ya paa.

"Mama mdogo, mama anasema kazi yako ni kuangalia watoto kwenye video."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wengi."

"Na mimi uliniangalia?"

Nilikiweka kisu chini. "Nilikuangalia."

"Nikiwa nalia?"

"Ndiyo, mama. Ukiwa unalia."

Alifikiri, anabembeza miguu, visigino vinagonga ndoo. Juu yetu nyundo ilinyamaza.

"Sasa mbona hukuja?"

"Sikukusikia," nikasema. "Nisamehe. Nilikuwa nimezima sauti."

Alinitazama kwa huruma, kama vile mwenye shida ni mimi. Akachukua kiazi kimoja kutoka kwenye beseni na kukigeuzageuza.

"Haya," akasema. "Siku nyingine nitalia kwa nguvu zaidi."